Daktari wa Jicho Moja

Mwaka juzi mtoto wa abti yangu, mvulana wa miaka sita, alivimba shavu. Mimi nilimtania eti amejaza miraa. Ayeeyo akasema ni jino tu, litatulia. Halikutulia. Mwishowe alipelekwa hospitali, na ugonjwa ulioandikwa kwenye kadi ulikuwa na jina la mtu: Burkitt. Nikataka kumjua mtu huyo.

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka wa 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja, lakini bado akawa daktari wa upasuaji. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitibu wanajeshi Kenya na Somaliland, yaani huku huku kwetu! Mwaka wa 1946 akahamia Uganda.

Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Wiki chache baadaye akamwona mwingine kule Jinja. Hapo akaanza kuulizauliza. Mwaka wa 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka hospitali nyingi hadi Afrika Kusini, safari ya kilomita kama 16,000. Kumbe saratani hiyo ilipatikana zaidi penye joto na mvua, kule kwenye malaria nyingi. Tena aligundua kwamba dawa zaweza kuuyeyusha uvimbe huo, na baadhi ya watoto wakapona.

Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Mwaka wa 1964 Anthony Epstein na wenzake wakaona virusi ndani ya seli zilizokuzwa maabarani. Hadi leo seli za namna hiyo hukuzwa ili kujaribia dawa. Siku hizi watafiti hujaribu hata chembe ndogo mno za oksidi za metali, kama ya zinki, juu ya seli za saratani. Lakini mwalimu wetu wa Biolojia alituonya: kuua seli kwenye kisahani bado si kumponya mtu.

Burkitt alifariki mwaka wa 1993. Binamu yangu alitibiwa, na sasa anatushinda mbio tukienda mtoni Tana. Wanachama wenzangu, ukiona mtoto amevimba taya, mpeleke hospitali mapema. Mimi nilicheka, wewe usicheke.