MAMA MARIE MUILU, MKULIMA ALIYELINDA NYUMBA YA NABII



Kila mwaka, mwezi wa nne unapofika, sisi Wakimbanguisti tunakumbuka tarehe mbili. Tarehe 6 ni ya kazi ya Papa Simon Kimbangu, iliyoanza mwaka 1921. Na tangu mwaka 2023 taifa letu lote linaiheshimu kama siku ya mapumziko. Tarehe 27 ni siku Mama Marie Muilu, mke wa Papa, alipolala katika Bwana. Ya kwanza inajulikana na kila mtu. Ya pili haitajwi sana. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya Mama huyu na jamaa yake. Alikuwa mama wa jembe, kama mama zetu wanaorudi jioni na kitunga mgongoni, na Mungu alimtumia kulichunga Kanisa wakati wachungaji wote walikuwa wamefungwa.

NDOA NA WATOTO

Nkamba iko katika nchi ya Wakongo, upande wa magharibi, juu ya kilima. Huko si msitu mzito kama wetu. Ni nchi ya vilima na majani. Wanawake wanalima mihogo na karanga, wanaume wanakata miti na kuandaa shamba jipya. Kwa desturi ya Wakongo, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo mama si mgeni katika nyumba. Yeye ndiye mzizi wake.

Marie Muilu Kiawanga aliolewa na Simon Kimbangu, na wote wawili walibatizwa siku moja, tarehe 4 mwezi wa 7, mwaka 1915, katika misioni ya Wabatisti wa Kiingereza ya Ngombe Lutete. Mungu aliwapa wana watatu. Wa kwanza ni Charles Kisolokele, aliyezaliwa tarehe 12 mwezi wa 2, 1914. Wa pili ni Salomon Dialungana, tarehe 25 mwezi wa 5, 1916, siku ambayo leo Kanisa letu linasherehekea Noeli. Wa tatu ni Joseph Diangienda, tarehe 22 mwezi wa 3, 1918.

Ilikuwa jamaa ya watu wa kawaida. Papa alikuwa katekista na mkulima. Alipoanza kusikia mwito wa Bwana aliukimbia, akaenda Kinshasa kutafuta kazi, lakini huko hakupata faida, akarudi kijijini. Hawakuwa na mali ya kuhesabu. Walikuwa na shamba, nyumba na maombi.

MWAKA WA 1921

Tarehe 6 mwezi wa 4, Papa aliingia katika nyumba ya mwanamke mgonjwa kule Ngombe Kinsuka, akamwekea mikono kwa jina la Yesu, na mwanamke akapona. Toka siku hiyo watu walijaa Nkamba. Waliacha hospitali, waliacha kazi za makampuni, walichoma sanamu za uchawi wao wenyewe. Serikali ya Wabelgiji iliogopa. Tarehe 6 mwezi wa 6 msimamizi Léon Morel alikuja na askari kumshika Papa. Papa aliponyoka, lakini kijiji kiliporwa.

Tuwaze kidogo juu ya Mama Muilu. Kilichochumwa kwa jasho kilichukuliwa kwa siku moja. Mume wake alikuwa mafichoni muda wa miezi mitatu. Halafu, tarehe 12 mwezi wa 9, Papa alirudi Nkamba na kujitoa mwenyewe mikononi mwa askari. Tarehe 3 mwezi wa 10, mahakama ya kijeshi ya Thysville, mji unaoitwa sasa Mbanza-Ngungu, ilimhukumu kufa na kupigwa fimbo 120. Mfalme Albert wa Ubelgiji aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Papa alipelekwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mbali zaidi ya kilometa 1,500 na nyumba yake.

Wakati huo Kisolokele alikuwa na miaka 7, Dialungana miaka 5, Diangienda miaka 3. Hata wao hawakuachwa kwa mama yao. Kisolokele alichukuliwa akiwa mtoto na kupelekwa katika shule ya serikali kule Boma, na baadaye Diangienda naye alisoma huko. Serikali ilitaka kuwalea wana wa nabii kwa mkono wake. Dialungana ndiye aliyebaki na mama yake.

MIAKA THELATHINI NA MINANE

Papa alikaa gerezani miaka 30, akafa huko tarehe 12 mwezi wa 10, 1951. Hakurudi nyumbani tena akiwa hai. Toka mwaka 1921 mpaka kufa kwake mwenyewe mwaka 1959, Mama Muilu alihesabu miaka 38 bila mume mlangoni.

Alifanya nini katika miaka hiyo? Alibaki. Serikali ilimtazama kwa jicho kali, na maombi ya Wakimbanguisti yalikatazwa. Lakini mwanamke mwenye jembe haogopwi sana na askari. Anakwenda shambani, anarudi, anapika. Waamini walimfikia kwa siri. Aliwatia moyo, aliwaonya wasilipe ubaya kwa ubaya, aliwakumbusha yale Papa aliyoyafundisha: kuacha uchawi, kuacha wake wengi, kuacha ngoma za aibu, kumshika Kristo. Kanisa ambalo halikuwa na jengo wala karatasi ya serikali lilikuwa na mama.

Hapa kuna jambo linalotugusa sisi wa Tshopo. Wabelgiji waliwaondoa waamini makwao na kuwatawanya katika Kongo nzima. Kanisa letu linahesabu wakubwa wa familia 37,000. Wengine waliletwa upande wetu, mpaka kambi ya Lowa, kule kwenye mto Lualaba, juu ya Ubundu. Kambi hizo serikali iliziita makoloni ya kilimo, kwa maana waliohamishwa walilazimishwa kulima. Walikuta msitu, wakaukata, wakapanda, wakaimba, wakazaa watoto. Wenye kuwafunga walidhani wanaizima imani. Kumbe walikuwa wanaipanda mahali ambapo haikufika. Jembe la Nkamba na jembe la Lowa lilikuwa jembe moja.

MAVUNO

Wana waliotengwa walirudi kwa mama yao wakiwa watu wazima, na serikali haikuweza kuwageuza. Diangienda, aliyewahi kuwa karani wa serikali hiyohiyo, alishika uongozi wa Kanisa pamoja na ndugu zake. Mwaka 1957 waamini kama 600 wa Léopoldville walitia sahihi barua kwa Gavana Mkuu Pétillon, wakiomba mateso yaishe. Ukali ukapungua.

Mama Muilu alilala tarehe 27 mwezi wa 4, 1959. Kanisa lilitambuliwa na serikali tarehe 24 mwezi wa 12 mwaka uleule. Miezi minane tu ilibaki. Alipanda, alipalilia, lakini hakuketi mezani siku ya mavuno. Mwezi wa 4 mwaka 1960 mwili wa Papa ulirudishwa Nkamba. Kisolokele alikuwa waziri katika serikali ya kwanza ya uhuru. Diangienda aliongoza Kanisa mpaka kufa kwake mwaka 1992, na Dialungana, mtoto aliyebaki na mama, akashika kiti baada yake mpaka 2001.

FUNDISHO KWETU

Neno letu la Kanisa ni upendo, amri na kazi. Tunalitaja kila mara. Mama Muilu aliyashika yote matatu, na kazi yake ilikuwa ya udongo.

Katika paroasi zetu wako mama ambao waume wao wamekwenda kwenye kariere za dhahabu na almasi. Mmoja anakaa miezi, mwingine miaka, na wengine hawarudi kabisa. Mama anabaki na watoto watatu, wanne. Kupanda anaweza, kupalilia anaweza. Lakini kukata msitu mkubwa ni kazi ya wanaume, na bila shamba jipya mihogo na mpunga vitatoka wapi? Wakati wa nsinsani mama huyo anatoa sahani yake ya mchele, nasi tunaipokea na kupiga makofi. Tumemwuliza ameipata kwa shida gani?

Tunawaomba wanaume na vijana wa kila paroasi: mbele ya mvua za mwezi wa tatu, chagueni siku, mchukue panga na shoka, mkate shamba la kila mjane na kila mama aliyeachwa peke yake. Siyo lazima kungoja amri kutoka Kisangani. Na ninyi mama, msione kwamba kazi yenu ni ndogo kwa sababu haifanyiki mimbarani. Muda wa miaka 38 Kanisa hili lilikaa katika nyumba ya mkulima mmoja, na halikufa.

Bwana awabariki ninyi nyote. Amina.