Nahodha aliyepungua kimo

Charles Martell, nahodha wa meli Marekani, alikuwa mrefu kuliko futi sita. Kisha mifupa ikaanza kuvunjika, mawe yakajaa kwenye figo na kimo kikapungua takriban sentimita 18. Kalsiamu ilikuwa ikihama kutoka mifupani kuingia kwenye damu. Alipasuliwa mara sita bila mafanikio. Mwaka 1932, katika upasuaji wa saba, uvimbe wa tezi ya parathairoidi ulipatikana kifuani. Wiki chache baadaye alifariki, figo zikiwa zimeharibika.

Leo kuna dripu ya maji na asidi ya zoledroniki, dawa inayozuia mifupa kumwaga kalsiamu. Hushusha kiwango, ila uvimbe hauondoki. Ukiona kiu isiyoisha, kufunga choo au mawe ya figo, mwombe daktari akupime kalsiamu.