Bibi Zubayda na Maji ya Njia ya Makka



Shangazi yangu wa Buyenzi amejiandikisha kwenda Hijja, inshaallah. Umri wake umeshapita miaka 60. Kwa kuwa nasoma masomo ya Kiislamu, kila nikienda kumsalimia ananiuliza dua za tawafu, ingawa karibu zote anazijua kuliko mimi. Ninachomwogopea ni jua. Katika Hijja ya 2024 joto kwenye Msikiti Mtukufu lilifika nyuzi 51.8, na serikali ya Saudia ikatangaza vifo 1,301. Wengi wa waliofariki hawakuwa na kibali, wakawa wanatembea mwendo mrefu juani bila kivuli wala pa kupumzikia. Ndipo nikarudi kusoma habari za Bibi Zubayda.

Jina lake hasa ni Amat al-Aziz. Baba yake ni Ja'far, mtoto wa Khalifa Abu Ja'far al-Mansur aliyeujenga mji wa Baghdad. Zubayda ni jina la utani alilopewa na babu yake huyo, kutokana na neno la Kiarabu la siagi, kwa jinsi alivyokuwa mnene na mweupe utotoni. Mwaka 165 Hijria aliolewa na binamu yake Harun al-Rashid, ambaye alishika ukhalifa mwaka 170, yaani 786 Miladia. Vitabu vingi vinapenda kuhadithia vito vyake na viatu vyake vya johari. Mimi napenda zaidi habari ya wajakazi wake mia moja waliohifadhi Qur'ani, wakiisoma kwa zamu mpaka jumba likawa linavuma kama mzinga wa nyuki.

Alihiji zaidi ya mara moja, na njiani alikiona kiu kwa macho yake. Kutoka Kufa hadi Makka ni kama kilomita 1,400 za jangwa. Hijja inafuata mwezi, kwa hiyo kuna miaka inaangukia katikati ya kiangazi. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho linatokana na maji tunayokunywa. Maji yakiisha, jasho hupungua na joto la mwili hupanda. Likipita nyuzi 40 mtu huanza kuweweseka na kuyumba, asijue yuko wapi, kisha huanguka. Huko ndiko kupigwa na joto, na dawa yake ya kwanza ni kumpoza haraka: kivuli, kulegeza nguo, kummwagia maji mwili mzima na kumpepea, huku mwingine akiita gari la wagonjwa. Akiwa amezimia asinyweshwe, maji yasije yakaingia mapafuni. Sasa fikiria msafara ambao kiriba cha mwisho kimekauka. Hata huyo wa kummwagia mwenzake, angemwagia nini?

Njia hiyo ilikuwepo kabla yake, na makhalifa waliotangulia walikwisha kujenga vituo. Zubayda aliongeza na kutengeneza. Visima vilichimbwa, na mabirika makubwa yakajengwa kwa mawe ili kukinga maji ya mafuriko, mengine yakiwa na birika dogo pembeni la kutuliza tope kwanza. Vituo vilipangwa ili mtu aondoke penye maji na kufika penye maji. Palikuwa pia na minara ya kuwashiwa moto, ili misafara iweze kutembea usiku, jua likiwa limezama. Ukiniuliza mimi, hilo la usiku ndilo la busara kuliko yote.

Makka kwenyewe maji yalikuwa adimu. Inasimuliwa kwamba kiriba kimoja kiliuzwa dinari nzima. Akaamuru maji ya chemchemi ya Hunayn yaletwe mjini, na ya bonde la Nu'man yafikishwe Arafat, kwa mifereji iliyopasuliwa katika mawe ya milima. Mtunza hazina wake alimtahadharisha kuhusu gharama. Jibu lake lilikuwa kwamba kazi iendelee, hata kama kila pigo la shoka litagharimu dinari. Al-Mas'udi ametaja jumla ya dinari 1,700,000.

Uzee wake haukuwa wa raha. Harun alifariki mwaka 809, na watoto wake wawili, al-Amin wa Zubayda na al-Ma'mun wa mama mwingine, wakapigania ukhalifa. Baghdad ilizingirwa, na mwaka 813 al-Amin akauawa. Inasimuliwa kuwa walikuwepo waliomchochea atoke kudai kisasi cha mwanawe, naye akakataa. Aliishi Baghdad chini ya utawala wa al-Ma'mun mpaka alipofariki mwaka 216 Hijria, 831 Miladia. Allah amrehemu.

Ibn Jubayr wa Andalusia alipita njia ile mwaka 1184, zaidi ya miaka 350 baadaye, akakuta misafara bado inakunywa katika mabirika hayo. Mifereji ilipoharibika, katika karne ya 16 mwanamke mwingine, Mihrimah binti wa Sultani Suleiman, alitoa mali yake itengenezwe na maji yafikishwe ndani ya Makka.

Nilimsimulia shangazi haya yote. Aliniuliza kama huyo Zubayda alikuwa na mwavuli. Jumamosi nitampelekea mmoja mweupe, pamoja na chupa ya kupulizia maji usoni.