FURAHA YA ASUBUHI: KIJANA MWIZI ALIYEJIFUNZA KUOMBA

Karatasi hii imekufikia mkononi, usiitupe kwanza. Tafuta mahali utulie, uisome mpaka mwisho. Huenda wewe si mtu wa kanisani. Huenda hapa mkutanoni umepita tu, umevutwa na muziki. Hakuna ubaya, karibu. Ninayo habari ya kijana mmoja ambaye naye hakuwa na habari na Mungu.

Lakini kwanza nikuulize: usiku ukishalala, wenzako wamekwenda, redio imezimwa, unabaki na nini moyoni? Mchana unacheka na wenzako kijiweni, unaonekana huna shida. Usiku mawazo yanakuja kama maji. Asubuhi unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Hilo silo jambo dogo. Umejaribu pombe, umejaribu disko, umejaribu mapenzi, na kila kimoja kimekupa raha ya saa mbili halafu kimekudai. Je, ipo furaha isiyodai? Msikilize huyu.

MTOTO WA MTOZA USHURU

Alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 katika mji mdogo wa Kroppenstedt, nchi ya Prussia, mahali ambapo leo ni Ujerumani. Jina lake George Müller. Baba yake alikuwa mtoza ushuru wa serikali, kwa hiyo fedha zilikuwa zinakaa nyumbani. George hajafika hata miaka kumi, ameshaanza kuzidokoa. Baba akaona hesabu hazitimii. Siku moja akahesabu fedha kidogo, akaziweka chumbani, akamwacha mtoto humo peke yake. George akachukua, akazificha ndani ya kiatu, chini ya unyayo. Alipopekuliwa, zikaonekana. Akachapwa vizuri. Unadhani aliacha? Wapi! Alijifunza tu kuiba kwa akili zaidi.

Akiwa na miaka 14 mama yake aliugua. Usiku ule mama anakata roho, George alikuwa anacheza karata mpaka saa nane usiku, bila kujua kinachotokea nyumbani. Kesho yake, siku ya Jumapili, akaenda kunywa, kisha akazurura mitaani amelewa nusu. Kijana, pengine na wewe unayo siku kama hiyo, siku ambayo ungetamani uirudie na huwezi. Basi jua kwamba huyu naye alikuwa nayo.

Cha ajabu, baba yake alitaka awe mchungaji. Si kwa sababu ya Mungu, ila kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa na mshahara mzuri na nyumba. Akapelekwa shule. Wakati wa kupokelewa kanisani baba alimpa ada ya kumpelekea kasisi. Akaigawa mafungu kumi na mawili, akapeleka fungu moja, kumi na moja akatia mfukoni. Alifanya dini, lakini moyo ulikuwa mbali.

Akiwa na miaka 16 aliingia kwenye hoteli za gharama, akala, akalala, akajifanya tajiri, na fedha hana. Akakamatwa. Kuanzia tarehe 18 Desemba 1821 mpaka 12 Januari 1822 alikuwa jela, na Krismasi ikamkuta humo. Baba akalipa deni, akamtoa, akamchapa.

Baadaye akiwa shuleni alikuwa na vitabu zaidi ya 300. Biblia hakuwa nayo hata moja. Mwaka 1825 aliingia Chuo Kikuu cha Halle kusomea uchungaji. Mwaka huohuo yeye na wenzake walighushi barua za wazazi ili wapate pasi, wakaenda kutembea Uswisi. George ndiye aliyeshika mfuko wa fedha za wote, na akawapunja wenzake wale wale aliokuwa anacheka nao njiani. Milima akaiona, maziwa akayaona. Akarudi na moyo uleule mtupu.

JIONI MOJA ALIONA MTU AMEPIGA MAGOTI

Mwezi wa Novemba 1825, siku ya Jumamosi, rafiki yake aitwaye Beta alimwambia kuna watu wanakutana jioni nyumbani kwa fundi mmoja, bwana Wagner, wanaimba, wanasoma Biblia na kuomba. George akasikia hamu ambayo hakuielewa, akasema twende.

Hapakuwa na mambo makubwa. Palikuwa na chumba cha kawaida na watu wachache. Waliimba, kisha mtu mmoja jina lake Kayser, ambaye baadaye alikwenda Afrika kama mmisionari, akapiga magoti na kuomba. Kijana, angalia sana hapa. George anasomea uchungaji, lakini katika maisha yake yote hajawahi kumwona mtu amepiga magoti anaomba, wala yeye mwenyewe hajawahi kuomba kwa magoti. Kitu kikamshika. Akajisema moyoni kwamba yeye ana elimu kumshinda yule ndugu, lakini kuomba namna ile hawezi.

Njiani wakirudi alimwambia Beta kwamba yote waliyoyaona Uswisi, na anasa zote za nyuma, si kitu mbele ya jioni ile. Usiku akalala kitandani na amani na furaha. Yule mwizi! Yule aliyecheza karata mama akifa! Hakuweza kusubiri Jumamosi nyingine, katikati ya wiki alikuwa ameshabisha hodi tena kwa Wagner. Hakugeuka malaika usiku mmoja, alianguka hapa na pale, lakini alikuwa ameshapata mlango na anajua pa kurudi.

Hebu jiulize: nani aliyemhubiria? Hakuna aliyemfokea wala kumtaja dhambi zake. Alimwona tu mtu anaongea na Mungu kama anayeongea na Baba aliye chumbani.

WATOTO YATIMA NA MFUKO MTUPU

Mwaka 1829 alikwenda Uingereza. Mwaka 1830 alimwoa Mary Groves, na mwaka huohuo akaacha kupokea mshahara wa kanisa, akaamua kumtegemea Mungu kwa maombi. Mwaka 1832 wakahamia mji wa Bristol. Mitaani kulikuwa na watoto wasio na baba wala mama, na mwaka 1836 wakafungua nyumba ya kwanza ya yatima katika mtaa wa Wilson Street. Kanuni yake ilikuwa moja: mahitaji anamwambia Mungu tu. Hatapita kuomba msaada kwa matajiri. Aliyekuwa mwizi wa fedha za baba, sasa anamwamini Baba wa yatima (soma Zaburi 68:5).

Usidhani ilikuwa rahisi. Mwezi wa Septemba 1838 fedha ziliisha kabisa. Wakafikia hatua ya kutaka kuuza vitu vya nyumbani ambavyo wangeweza kuishi bila hivyo. Tarehe 18 mchana akaja mama mmoja, ameleta fedha zilizotumwa na binti yake kutoka London, paundi tatu na ziada. Kumbe mama huyo alikuwa ameshafika Bristol siku nne au tano kabla, na amefikia nyumba ya jirani kabisa na ile ya watoto wa kiume! Siku zote hizo wanalia mbele za Mungu, jibu liko ng'ambo ya ukuta. Kijana, pengine na jibu lako limeshafika mjini, ila saa yake ya kubisha hodi bado.

SIRI ALIYOIJUA BAADA YA MIAKA MINGI

Sasa tumefika penyewe. Mtu huyu ameokoka, anaongoza kanisa, analisha yatima, lakini bado kulikuwa na jambo hajalijua. Kwa miaka zaidi ya kumi alikuwa akiamka asubuhi anaanza kuomba papo hapo. Na nini kinatokea? Mawazo yanazunguka. Robo saa inapita, mara nyingine nusu saa, yuko magotini lakini akili iko kwingine. Umeshajaribu kuomba ukaona hivyohivyo, ukasema mimi maombi si fungu langu? Basi hata George Müller yalimpata.

Mwaka 1841 akapata mwanga. Aliona kwamba kazi ya kwanza ya kila siku si kuhubiri wala kutafuta fedha za watoto. Kazi ya kwanza ni kuhakikisha nafsi yake mwenyewe ina furaha katika Bwana. Akabadilisha utaratibu. Aliamka, akamwomba Bwana maneno machache ya kubariki Neno lake, akafungua Agano Jipya, akasoma polepole. Hakutafuta mahubiri ya kuwapa wengine, alitafuta chakula chake. Alisoma mstari, akautafakari, mara nyingi huku akitembea. Dakika chache tu, mstari mmoja unamfanya atubu, mwingine unamfanya ashukuru, wa tatu unamkumbusha mtu wa kumwombea. Maombi yanakuja yenyewe, kama mtu anayejibu alichoambiwa.

Umeona siri? Zamani alikuwa anajilazimisha kuongea. Sasa alianza kwa kusikiliza. Mwili haufanyi kazi bila kula, na roho nayo ni hivyo. Wewe unaamka na njaa ya rohoni, unaingia mtaani na njaa, halafu unashangaa kwa nini neno dogo la mtu linakuangusha siku nzima.

Hakufanya hivyo wiki moja akaacha. Aliendelea zaidi ya miaka 50. Biblia aliisoma yote zaidi ya mara 100. Ndiyo maana aliweza kubeba mzigo ule bila kuvunjika. Kufikia mwaka 1870 palikuwa na majumba matano makubwa pale Ashley Down, Bristol, yenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Katika maisha yake alilea yatima zaidi ya 10,000. Kila asubuhi aliutua mzigo kwa mwenye nguvu, kisha akaenda kazini mikono mitupu na moyo mwepesi.

JE, HAKULIA?

Alilia, kijana. Nisikudanganye. Mwaka 1835 alimzika mtoto wake wa kiume, Elijah, aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi michache. Tarehe 6 Februari 1870 alifiwa na Mary, mke wa ujana wake, baada ya miaka 39 ya ndoa. Alihubiri mwenyewe kwenye mazishi, akamshukuru Mungu kwa kumpa mke yule na kwa kumtwaa. Mwaka 1890 akamzika na binti yake Lydia. Maombi hayakumwondolea misiba. Yalimpa mahali pa kuipeleka.

Furaha ya Yesu si kwamba hutalia. Ni kwamba hutalia peke yako. Na kama mwili unaumwa, au mawazo yamekuzidi, nenda hospitali, mwambie na mtu mzima unayemwamini. Maombi hayakatazi dawa.

Akiwa na miaka 69, wakati wengine wanatafuta kiti cha kupumzikia, alianza safari za kuhubiri. Kuanzia 1875 mpaka 1892 alifika nchi 42. Jioni ya tarehe 9 Machi 1898 aliongoza ibada ya maombi na watu wa nyumba ya yatima. Akaenda kulala. Asubuhi ya tarehe 10 alikutwa chumbani kwake, ameshakwenda kwa Bwana, na umri wake miaka 92. Alikuwa amezoea kukutana na Bwana wake asubuhi, na asubuhi ile nayo alikutana naye.

NA WEWE JE?

Mungu aliyemtoa George jela na kwenye karata ndiye huyohuyo. Hana upendeleo. Fanya hivi:

1. Tubu. Usimfiche kitu, anajua hata kilicho chini ya unyayo. Soma 1 Yohana 1:9.

2. Kesho amka kabla ya makelele. Dakika kumi na tano zinatosha kuanzia. Soma Injili ya Marko kidogo kidogo. Huna Biblia? Waombe wahudumu hapa mkutanoni.

3. Mstari ukikugusa, simama hapo. Mjibu Mungu kwa maneno yako, hata Kiswahili cha mtaani anakisikia.

4. Taja mzigo wako kwa jina: ada, kazi, ugomvi wa nyumbani, mimba, msiba. Uutue. Soma 1 Petro 5:7.

5. Kesho kutwa rudia. Usipime siku ya kwanza. Mti haumwagiliwi mara moja.

Kama uko tayari, omba nami sala hii kwa imani:

Bwana Yesu, nimechoka. Nimetafuta raha mahali pengi, nikarudi mtupu. Leo naja kwako kama nilivyo. Nisamehe dhambi zangu zote, nioshe kwa damu yako, uingie moyoni mwangu. Nifundishe kuomba. Kesho asubuhi uniamshe, nije kwako kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Asante kwa kunipokea. Amina.

Umeomba kwa moyo? Basi karibu katika jamaa ya Mungu! Usikae peke yako. Mwone mhudumu yeyote hapa mkutanoni, au tafuta kanisa la watu waliookoka lililo karibu nawe. Ukishaisoma karatasi hii, mpe rafiki yako. Usiku naye hulala na mawazo, ila hajakwambia.

Mungu akubariki. Tukutane asubuhi, magotini.