Shekhar Mehta na Mzizi -shind-

Maana ya kitenzi hudhihirika kinapotumika. Kwa hiyo tunaufuata mzizi -shind- katika maisha ya mtu mmoja.

Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika ukoo mashuhuri kwa kilimo cha miwa. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, naye akahamia Kenya. Mwaka uliofuata alishindania taji la Safari Rally kwa gari la Datsun 240Z, katika barabara za vumbi na matope kama tuzijuazo hapa Juba. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na alama sawa za adhabu. Kanuni ikampa ushindi aliyekwenda mbali zaidi bila adhabu, yaani Mehta. Tangu 1979 hadi 1982 aliwashinda wenzake mara nne mfululizo.

Mwaka 1987 aliumia vibaya katika mbio za jangwani nchini Misri. Hata hivyo hakuuacha mchezo: baadaye aliongoza kamisheni ya mbio hizo katika Shirikisho la Kimataifa la Magari. Alifariki London mwaka 2006.

Tukisema kwamba alishindwa kurudi katika udereva wa mashindano, tunamaanisha hakuweza. Tukisema kwamba Källström alishindwa na Mehta, tunataja mtenda. Umbo ni moja, maana ni mbili. Mwalimu asiyezitenganisha atawachanganya wanafunzi wake.