Daktari Trowell, Chumvi na Kisukari

Hapa Awendo sote tunajua miwa, lakini ni wachache wanaomjua Daktari Hugh Trowell. Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1904, akaja Kenya mwaka wa 1929. Mwaka wa 1935 alihamia Uganda, akatibu watu Mulago na kufundisha madaktari wa Makerere. Mwaka wa 1954 yeye na wenzake walitoa kitabu juu ya unyafuzi, yaani kwashiokoo.

Jambo moja lilimshangaza. Wodi zilijaa, lakini wagonjwa wa kisukari na presha walikuwa haba. Baadaye wakaanza kuongezeka. Alirudi kwao akawa kasisi, lakini swali hilo hakuliacha. Yeye na Daktari Denis Burkitt walilaumu vyakula vilivyokobolewa, naye akaonya pia juu ya chumvi. Alifariki mwaka wa 1989.

Mwaka wa 1990 watafiti walichapisha habari za Waluo waliohamia Nairobi. Walikula sodiamu nyingi, yaani madini ya chumvi, na potasiamu kidogo, ile ya mboga na ndizi. Presha yao ikapanda upesi. Kwa mwenye kisukari, presha huharibu figo na macho haraka zaidi. Figo zikichoka, potasiamu nayo hujaa katika damu na inaweza kuusimamisha moyo, kwa hivyo mgonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Nyanya yangu ana kisukari, na omena bila chumvi nyingi haitaki. Mimi simchoki kumwambia. Wenzangu, semeni na wenu pia!