Beethoven Hakuuliwa na Masikio, Ni Ini! Stori Inayokuhusu Hadi Wewe wa Ukunda

Msee, ukisikia jina Ludwig van Beethoven unawaza piano na masikio yaliyoziba. Lakini kilichommaliza ni ini, na hapo ndipo stori inakuhusu.

Jamaa alizaliwa Bonn, Ujerumani, 1770. Mzae wake alikuwa mwimbaji na mlevi sugu. 1792 akahamia Vienna kusaka jina, na akalipata. Hajafika miaka 30, masikio yakaanza kumkataa. 1802 aliwaandikia ndugu zake barua, akitaka daktari aeleze ugonjwa wake akishakufa. Hakuituma. Alikaza tu, na 1824, akiwa kiziwi, akatoa Simfoni ya 9.

Ini nalo lilikuwa linaisha polepole. 1821 alipata umanjano. Desemba 1826 tumbo likafura maji, wakamtoboa mara 4 kuyatoa. Machi 24, 1827 alizima, na tarehe 26 akadedi akiwa na miaka 56. Walipompasua, ini lilikuwa limesinyaa hadi nusu ya saizi yake.

Sasa ini na kichwa zinajuana wapi? Ukila nyama ama maharagwe, tumboni kunatoka sumu inaitwa amonia. Ini huibadilisha, unaikojoa. Ini likichoka, hiyo sumu inapanda na damu hadi kwa ubongo. Mtu analala mchana, usiku macho kodo. Anasahau, mikono inapigapiga, anaongea vitu havina kichwa wala miguu, mwishowe anazima kabisa. Hapo ndipo utasikia watu wakisema ni mapepo, mgonjwa anakimbizwa kwa mganga badala ya hospitali. Na kuna dawa za kupunguza hiyo sumu.

2023 wanasayansi walipima DNA ya nywele za Beethoven. Walipata alirithi hatari ya ugonjwa wa ini, na pia alikuwa na virusi vya hepataitisi B. Ongeza pombe aliyopenda, ini lingeponea wapi?

Hivyo virusi havipiti kwa kushare kikombe cha mnazi mangweni. Vinapita kwa damu, ngono, na kutoka kwa mama hadi mtoto akizaliwa. Kenya ilianza kuchanja watoto wote mwishoni mwa 2001. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, huenda hukuchanjwa.

Beethoven alijibiwa baada ya karibu miaka 200. Wewe ni damu kidogo tu. Ukipita Msambweni ama Diani, ingia hospitali uulizie kipimo, buda.